Barua ya kufunga muhula: watoto wanatuangalia

Wazazi wangu, habari za nyumbani.

Ripoti mmeshapata, nawashukuru sana mliokuja wenyewe kuzichukua. Za masomo sitaongea sana, alama mmeziona, darasa la tatu wamejitahidi kusoma na hongera zao. Mimi nataka niongelee ile sehemu ya tabia, maana kila muhula kwenye maoni ya mzazi nakuta maneno yaleyale, "walimu mkazanie nidhamu, mtoto hasikii". Tunakazania jamani. Ila kuna kitu nilikiona wiki mbili zilizopita na mpaka leo hakijanitoka kichwani.

Watoto wa darasa la pili walikuwa wanacheza kujipikilisha chini ya mwembe pale karibu na jiko la uji. Mmoja ndo mama. Ameshika kipande cha boksi anakisugua kwa kidole gumba, mtoto wake anamwita mama, mama, njaa, yeye hata macho hainui, anamjibu "we subiri bwana, unanisumbua". Sauti ya mtu mzima kabisa! Pembeni kidogo mwenzao alikuwa mwalimu, ana kijiti mkononi, anawaambia wanafunzi wake "vichwa maji nyie". Hilo neno limetoka madarasani kwetu, nalijua, na kwenye kikao cha walimu tumelisema wazi kwamba lisisikike tena. Kwahiyo msinielewe vibaya, hapa simnyooshei mzazi kidole peke yake.

Hili jambo limechunguzwa zamani. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua watoto wa chekechea 72, wakawagawa, 24 wakamwona mtu mzima anampiga mdoli mkubwa wa kujaza upepo, yule ukimpiga analala halafu anainuka tena, anampiga ngumi, anamgonga na nyundo, huku anamtolea maneno. Baadaye watoto walipoachwa na mdoli wengi wao walimpiga vilevile na maneno yaleyale wakayarudia, wakati hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Wale waliomwona mtu mzima ametulia anacheza zake, fujo kwao ilikuwa ndogo sana.

Lakini lililonigusa zaidi ni jaribio lingine la Bandura, la 1965. Watoto 66 walionyeshwa filamu ya mtu anafanya fujo hizohizo, wengine wakaona mwishoni anazawadiwa, wengine anaadhibiwa, wengine haambiwi kitu. Walioona adhabu waliiga kidogo, ungesema hao wamejifunza adabu. Halafu wakaambiwa, ukituonyesha alichofanya yule tunakupa juisi na picha za kubandika, na wote wakaonyesha, hata wale wa adhabu, karibu sawasawa na wenzao. Yaani walikuwa nayo yote kichwani, walikuwa wameinyamazia tu.

Ndo maana mzazi anakuja ofisini ananiambia mwalimu mbona nyumbani huyu mpole, hatukani, na mimi namwamini kabisa, maana nyumbani anamwogopa baba, ila neno analo na siku akigombea mpira uwanjani linatoka lenyewe.

Sasa likizo hii mtakuwa nao mchana na usiku. Naomba simu ikae mbali wakati wa kula, hata ya baba. Ukigombana na jirani au konda kumbuka nani amekushika mkono. Ukikosea mwambie mtoto samahani, asikie neno hilo likitoka kwa mtu mzima, na ukiwa na gazeti au msahafu au Biblia usome akiwepo, hata kama hakusogelei.

Na siku moja kaeni pembeni kimyakimya muwaangalie wakicheza baba na mama. Mtakachokiona kiandikeni kwenye maoni ya mzazi kabla hamjarudisha ripoti, hata sentensi mbili, mimi nitazisoma zote. Shule ikifunguliwa watoto waje na vikombe vya uji, vya zamani vingi vimepotea.

Wenu,
Mwalimu Mkuu