Kabla Hujakata Kitambaa cha Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani hatujambo sote. Nimefurahi mno kusikia umeshapewa cherehani yako na kabrasha la kozi. Wiki hii ambayo bado mnaandika maelezo tu, itumie kuizoea hiyo mashine. Mwalimu akishaanza sketi hatasimama kumngoja anayehangaika na uzi.

Anza bila uzi kabisa. Chukua karatasi ya daftari yenye mistari, funga sindano kuukuu (karatasi huifanya butu), kisha kanyaga pedali ukifuata mstari. Gurudumu la mkono lizunguke kuja kwako siku zote. Likirudi nyuma, uzi hukatika au hujifunga. Mistari ikishanyooka, chora duara nalo ulifuate.

Sindano itazame kwenye mwanga. Upande mmoja una mfereji mrefu unaoshuka hadi kwenye tundu. Upande wa pili, juu kwenye shina, ni bapa. Uzi huingia kutokea upande wa mfereji. Ukiifunga kinyume, mashine itaruka mishono hata kama ni mpya. Kwa kitenge tumia namba 14, kitambaa chepesi 11, jinzi 16 au 18.

Sasa hili nakuomba ulishike sana. Siku utakayokuta uzi umejikusanya chini ya kitambaa kama kiota, usikimbilie bobini (kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini) kama wafanyavyo wengi. Mara nyingi kosa liko juu. Unapotunga uzi, kile kiguu kinachokandamiza kitambaa kiwe kimeinuliwa, ndipo visahani vya kubana uzi vinapoachana na uzi ukazama katikati. Kikiwa chini, uzi hupita juujuu bila kubanwa, nao uliolegea huvutwa chini na kujirundika. Toa uzi wote, inua kiguu, utunge upya kabla hujagusa skrubu yoyote. Acha ncha zote mbili ziwe na sentimita 10 hivi, uzishike unapoanza kushona.

Kupima mkazo wa uzi, weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, ushone kipande cha kitambaa kilekile ulichokikunja mara mbili. Vidoa vyeupe vikitokeza juu, uzi wa juu umekazwa mno. Vyekundu vikitokeza chini, umelegea. Zungusha kidogo tu skrubu ya mkazo wa uzi wa juu, ushone tena.

Futi yako ya utepe ilinganishe na rula ya chuma, maana hizi laini huvutika. Angalia pia kabrasha linataja inchi au sentimita, usichanganye. Ukiambiwa uache sentimita 1.5 za mshono nawe ukala 2, sketi yenye mishono miwili ya ubavuni ina kingo nne, kwa hiyo umeshapoteza sentimita 2 kiunoni na zipu haitapanda. Pima sentimita 1.5 kutoka kwenye sindano, ubandike kipande cha selotepu kwenye bamba la chini ya sindano kiwe mpaka wako.

Mkasi wa kitambaa usikate karatasi, hata wenzako wakikuomba. Mafuta yawe ya cherehani, tone moja kila tundu. Ya kupikia huganda ndani. Baada ya hapo shona kwanza kwenye kitambaa chakavu hadi doa lisionekane.

Nimekufungia sindano kumi za namba 14 na bobini tano. Zijaribu kwanza kwenye mashine yenu kabla hujazizungushia uzi, kwani bobini hufanana kwa macho lakini huzidiana kimo.

Mama yako akupendaye.