Wasusi watazame uso kabla ya kushika mkasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasusi na wateja wao hapa Mombasa. Mtindo wa kukata nywele za mbele zikaangukia pajini umeenea mjini, na sina ugomvi nao hata kidogo, kwani ukimkaa mtu humpendeza sana. Ninalolalamikia ni mazoea ya mteja kuonyesha picha kwenye simu, naye msusi akaifuata picha ile bila ya kumtazama aliyeketi mbele yake.

Mwenye uso mrefu hupendeza kwa nywele zilizojaa na kunyooka hadi kwenye nyusi, kwa kuwa hufunika paji na kuufanya uso uonekane mfupi. Mkato huohuo ukiwekwa kwenye uso wa duara huuongezea upana, ndiyo maana mwenye uso huo ni bora nywele zake zilazwe upande mmoja, sehemu ya paji ibaki wazi. Mwenye taya pana hufaa nywele nyepesi zisizokatwa kwa mstari mmoja. Kuyajua haya hakuhitaji vipimo: nywele zote zirudishwe nyuma, mteja akae mbele ya kioo, na msusi atazame uso umepanuka wapi, pajini, mashavuni au tayani.

Kuna pia hali yetu ya hewa, ambayo picha za mitandaoni haziijui. Nywele za kipilipili zilizonyooshwa kwa pasi hurudi kujikunja zikipata unyevu, na pwani unyevu haukosekani. Mtu hutoka saluni mjini nywele zikigusa nyusi, akisimama kwenye msongamano wa feri ya Likoni jasho likimtiririka, hufika ng'ambo zimeshapanda hadi katikati ya paji. Kwa hiyo ziachwe ndefu kidogo kuliko anavyotaka mteja, tena zikatwe zikiwa kavu, kwani zikiwa na maji huonekana ndefu kuliko zilivyo.

Wanaovaa wigi nao wasisahauliwe. Wigi yenye nywele za mbele zinazoziba macho inaweza kupunguzwa kidogo kidogo ikiwa kichwani mwa mvaaji, lakini wengi huivaa vilevile ilivyotoka dukani, wakashinda siku nzima wakizipangusa kwa mkono. Na anayepaka mafuta mazito kwenye nywele za mbele ajue kuwa mafuta hayo hushukia pajini na kuleta chunusi.

Nawaomba wenye saluni wawape wasusi wao dakika chache za kushauriana na mteja kabla ya kuanza kazi, hasa bi harusi, ambaye picha zake zitatazamwa miaka mingi. Mteja naye asione haya kusema zipunguzwe kidogo kwanza, kwa sababu nywele hukua takriban sentimita moja tu kwa mwezi.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa.