Ramani yako ya nyota haikuchapwa kinyume

Wateja wanaochukua kwetu nakala za ramani za kale za nyota hutuuliza mara kwa mara: mbona picha imegeuzwa? Mtu ametoka nje usiku, amelinganisha karatasi na anga, ameona Nge, lile kundi la nyota, anakunja mkia upande usio wake. Wengine wanatuomba tuigeuze kwenye kompyuta kabla ya kuitia fremu. Huwa tunakataa, na mteja ana haki ya kujua sababu.

Zamani anga ilifikiriwa kuwa tufe kubwa linaloizunguka dunia, nyota zikiwa zimebandikwa juu yake. Tufe hilo unaweza kulichora ukiwa ndani, yaani ukiwa umesimama duniani na kuinua macho. Unaweza pia kulichora kana kwamba uko nje unalitazama, kama walivyokuwa wakizitazama tufe za nyota zilizowekwa juu ya meza. Ukiwa nje, kulia kunakuwa kushoto. Wachoraji wakubwa walitumia njia zote mbili, na kila mmoja alijua anachokifanya.

Ramani inayoleta maswali mengi zaidi ni ya msanii Mjerumani Albrecht Dürer, iliyochapwa mwaka 1515 kwa mbao zilizochongwa. Ni karatasi mbili, moja ya anga la kaskazini pamoja na yale makundi 12 ya nyota ya zodiaki, yaani njia ya jua angani, nyingine ya kusini. Johannes Stabius alipanga mistari, Conrad Heinfogel akaweka nyota mahali pake, Dürer akachora maumbo. Wote watatu walilitazama tufe kutoka nje, ndiyo maana watu wengi humo wanakuonyesha migongo. Kwenye kona za karatasi ya kaskazini wamo wataalamu wanne wa kale, na mmoja wao ni al-Sufi, Mwajemi wa karne ya 10. Al-Sufi katika kitabu chake alilichora kila kundi mara mbili, kama linavyoonekana angani na kama linavyoonekana kwenye tufe. Kwetu sisi huo ndio ungwana mkubwa kabisa ambao mchoraji wa nyota amewahi kumfanyia msomaji wake.

Johann Bayer, katika atlasi yake Uranometria ya mwaka 1603, alichagua kusimama duniani. Kurasa zake 51, zilizochorwa na Alexander Mair kwenye mabamba ya shaba, unaweza kuzilinganisha na anga moja kwa moja. Humo ndimo nyota zilipopewa herufi za Kigiriki tunazozitumia hadi leo, kama katika jina Alfa Centauri. Ukurasa mmoja una makundi 12 mapya ya kusini, akiwemo Tausi na Kinyonga, yaliyotokana na vipimo vya mabaharia Waholanzi waliovuka Bahari ya Hindi kati ya 1595 na 1597 na kutia nanga Madagaska. Kwa mtu anayeishi pwani yetu na anayetaka ramani ya kutumia, huwa tunampa Bayer kwanza.

Johannes Hevelius, katika atlasi yake iliyochapwa mwaka 1690, alirudi kwenye mtazamo wa nje. Kwa hiyo usidhani kwamba ramani ya karibuni zaidi ndiyo lazima ifanane na anga.

Njia rahisi ya kupima iko hapa. Mwezi wa saba, saa tatu usiku, tazama kusini, juu sana. Nge ana umbo la herufi J, kichwa juu na mkia umejikunja kuelekea kushoto. Shika ramani yako, izungushe mpaka kichwa cha Nge kiwe juu. Mkia ukijikunja kushoto, mchoraji alisimama duniani. Ukijikunja kulia, alikuwa nje ya tufe. Kisha angalia maandishi: yakisomeka sawasawa, chapa ni sahihi. Maandishi yakiwa kinyume, hapo kweli faili imegeuzwa, na picha za namna hiyo zimejaa mtandaoni. Tuletee, tutakutafutia nakala safi kutoka kwenye makusanyo ya maktaba.

Michoro ya Erhard Ratdolt, aliyekichapa kitabu cha nyota cha Hyginus, mwandishi wa Kirumi, mjini Venice mwaka 1482, ni jambo jingine. Ni mizuri mno, lakini nyota zimetawanywa mwilini bila kufuata anga. Itundike kwa uzuri wake, usiitafutie Nge wa kweli.

Kuhusu rangi, wale walionunua kurasa za atlasi ya anga ya Andreas Cellarius ya mwaka 1660 wakakuta ya jirani ina bluu iliyokolea zaidi, wasihofu. Mistari ilichapwa kwa wino mweusi, rangi ikapakwa baadaye kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine. Hakuna mbili zinazofanana. Tunaacha rangi ya nakala tuliyoichagua, hatuikolezi.

Unapoagiza, tuambie kama unataka ramani ya kutazamia anga au picha ya ukutani, na kama ukuta wenyewe unapigwa na jua la mchana, maana hapo tutakushauri kioo kinachozuia miale. Nyuma ya kila fremu tunaandika jina la mchoraji, mwaka, na upande aliosimama: ndani au nje.