Kwenu vijana mnaovuka bahari na filimbi shingoni

Wanangu,

Nimesikia mikataba mmeshasaini: siku za kazi mnafundisha watoto wa watu, mwisho wa wiki mnavaa jezi mnacheza wenyewe. Mmoja anakwenda Pasifiki, wawili Karibiani, waliobaki visiwa vya Bahari ya Hindi. Kazi hiyo niliifanya nikiwa na umri wenu, na mengi niliyajua nikiwa nimeshachelewa. Ndiyo maana nawaandikia kabla hamjafunga mabegi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa joto la visiwani, jembe hilo lisubiri. Mwili unahitaji kiasi cha siku 10 hadi 14 kulizoea joto: maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema zaidi, na chumvi inayotoka nalo hupungua. Kabla ya hapo msishindane na mtu yeyote mbio, hata mkichokozwa, na mtachokozwa. Nyinyi mliokulia nchi kame ndio ninaowahofia zaidi, maana mtadhani joto mnalijua. Jasho linalodondoka chini halijakupoza hata kidogo. Linapoza likikauka juu ya ngozi, na hewa iliyoshiba unyevu hailikaushi. Unalowa, unachemka.

Jipimeni uzito kabla ya mazoezi na baada. Kilo 1 iliyopungua ni takriban lita 1 ya maji mliyopoteza. Lakini msijigeuze mapipa: kunywa maji matupu kupita kiasi hushusha chumvi ya damu, na hilo nalo huua. Mchezaji akianza kuropoka, kuyumba, au kusahau mmefungana ngapi, msimkimbize kwanza kwenye gari. Mtumbukizeni kwenye maji baridi, kichwa kikiwa juu, huku mwenzenu akipiga simu ya kuomba msaada. Apozwe kwanza, hospitali ifuate. Pipa la maji na barafu liwe kando ya uwanja kabla filimbi haijalia.

Kujizoeza huko si kwa mwili peke yake. Wiki yangu ya kwanza nilitangaza mazoezi ya ufukweni, kila siku saa kumi alasiri. Siku tunaanza bahari ilikuwa imekupwa, mchanga mpana, mgumu, mpira unadunda. Nikajiona fundi. Wiki ilipotimia, saa kumi ileile, mawimbi yalikuwa yanapita pale nilipochomeka miti ya goli. Watoto wamekaa juu ya ukuta wananitazama. Walijua tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeniambia kwa sababu sikuuliza. Kwenye bahari nyingi maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, hivyo kwa wiki moja saa ya kupwa inakuwa saa ya kujaa. Na bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, humeza ufukwe mzima. Baada ya fedheha ile ratiba nilikuwa napangiwa na mvuvi mmoja mzee, ambaye mpira wenyewe aliuona upuuzi mtupu. Yeye pia ndiye aliyeniambia nisiwakimbize vijana upande mmoja tu, kwa kuwa ufukwe una mteremko na mguu mmoja unakuwa juu muda wote. Mimi mwenye cheti cha ukocha nilikuwa sijaliona hilo.

Wapo waliofika visiwani wakafanya vizuri, na nawaomba mtazame jinsi walivyofanya. Mwaka 2001 Samoa ya Marekani ilifungwa 31–0 na Australia, na kipa wa siku ile, Nicky Salapu, akatembea na namba hiyo miaka kumi. Mwaka 2011 Thomas Rongen akapewa timu hiyo, akiwa na wiki chache tu za kujiandaa. Angeweza kumwacha Salapu huko alikokuwa. Alimrudisha langoni, na Novemba mwaka huo wakaifunga Tonga 2–1, ushindi wao wa kwanza katika mechi inayotambuliwa na FIFA. Fiji nako, Mwingereza Ben Ryan alifika mwaka 2013 kufundisha raga ya wachezaji saba, na miezi ya mwanzo alikaa bila mshahara. Akawakazia vijana pumzi na nidhamu, lakini ile tabia yao ya kuachia pasi katikati ya kukabwa hakuigusa. Rio, mwaka 2016, waliichapa Uingereza 43–7 kwenye fainali, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi hiyo. Benki Kuu ya Fiji ikatoa noti ya dola 7 kwa furaha. Noti ya saba! Mimi ningeiweka fremu.

Sasa hili la kufundisha na kucheza kwa pamoja, ambalo ndilo litakalowakosesha usingizi. Kisiwani hakuna pa kujificha. Uliyemweka benchi Jumamosi ndiye nahodha wa boti utakayopanda Jumapili, au mama yake ndiye mwenye nyumba unayolala. Ukimwacha mtu nje ya kikosi, mwambie wewe mwenyewe kabla orodha haijabandikwa, na umpe sababu ambayo ungethubutu kuirudia mbele ya mama yake. Na wewe ukiwa uwanjani, nani atakutoa? Mteueni mwenyeji mmoja, mpeni mamlaka kamili, na siku akiinua namba yako utoke bila neno. Mimi nilitolewa dakika ya 60 na kijana niliyemfundisha mwenyewe. Nilinuna siku mbili. Ukweli ni kwamba miguu ilikuwa imekwisha tangu mapumziko, kila mtu aliona isipokuwa mimi. Kijana huyo ndiye aliyeshika timu nilipoondoka.

Upweke hautakuja mwanzoni. Mwanzoni ni picha za machweo tu. Utakuja kama mwezi wa tatu hivi, bahari imechafuka, boti hazitoki, mechi ya ugenini imeahirishwa mara ya pili. Hapo mtatamani kujikusanya wageni kwa wageni na kuwasengenya wenyeji. Nendeni mkakae nao, hata kama hamna la kusema. Anzeni na lugha ya uwanjani: nyuma yako, geuka, tulia, wangu. Maneno hayo manne yamenipa marafiki kuliko hotuba zote nilizowahi kutoa.

Madogo madogo, nisije nikasahau. Yale matairi ya kuruka na kuvuta hukusanya maji ya mvua, na mbu wa dengi huzaliana humo kisha huuma mchana, saa zilezile mnazofanya mazoezi. Yatoboeni, au yahifadhini penye paa. Mkikwaruzwa na matumbawe, osheni kwa sabuni na maji safi siku hiyohiyo na mtoe vipande vyote, hata kama kidonda kinaonekana cha mchezo. Karibu na Ikweta jua huzama kwa haraka, giza haliwasubirini mmalizie dakika za mwisho, basi anzeni mapema na mhesabu mipira kabla hamjaacha kuiona.

Na sindano za pampu, wanangu, bebeni nyingi. Hewa ya chumvi huzila, na hakuna kitu kinachomdhalilisha kocha kama kusimama mbele ya watoto arobaini na mipira sita isiyo na upepo, akingoja boti ya wiki ijayo.

Ni mimi, mwalimu wenu wa zamani