Tunda la kuifanya ndimu tamu lisioteshwe kwa mbegu kavu

Mhariri,

Naomba nafasi kuwatahadharisha wanaoagiza mtandaoni mbegu za lile tunda jekundu la Afrika Magharibi (miracle fruit kwa Kiingereza) ambalo ukishalila, ndimu huwa tamu mdomoni. Mbegu yake ikikauka imekufa. Haihifadhiki kwenye bahasha kama mbegu ya mchicha, na hata ukiiloweka usiku kucha haitaota. Iliyo hai ni ile iliyotolewa kwenye tunda bivu siku chache tu zilizopita. Afadhali ununue mche.

Ukipata tunda, osha kokwa nyama yote itoke, ilaze kwenye kiriba (mfuko wa miche) kwa kina cha sentimita 1 hadi 2, kivulini, udongo usikauke. Huota baada ya wiki kadhaa. Mmea hukua polepole mno na kwa kawaida huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, basi kosa la udongo mwanzoni hugharimu miaka.

Na kosa lenyewe ndilo hili: mmea huu unataka udongo wenye tindikali, pH kati ya 4.5 na 5.8 (pH ni kipimo cha tindikali: ikishuka, tindikali imeongezeka). Udongo wa matumbawe wa Unguja au Mombasa una chokaa, ambayo huondoa tindikali. Ndani yake mizizi hushindwa kuchukua madini ya chuma, majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, kisha ncha zinaungua. Wengi wakiona hivyo huongeza majivu, na majivu huzidi kuondoa tindikali. Salfa ya unga, ile wanayoijua wakulima wa korosho, hushusha pH taratibu, lakini penye matumbawe chokaa haiishi, kwa hiyo ni kazi bure. Huko pwani panda kwenye pipa lenye matundu: mboji ya majani ya msituni na mchanga wa mto. Mchanga wa ufukweni una maganda ya kombe, yaani chokaa ileile. Mwagilia maji ya mvua. Ya kisima cha matumbawe yatarudisha tatizo. Udongo unaokubali chai unaufaa, ila baridi ya Njombe itauumiza. Miteremko yenye joto na mvua ya Usambara Mashariki ingefaa zaidi.

Kuhusu kulila, Wayoruba huliita agbayun, na Mfaransa Chevalier des Marchais aliyefika pwani ya Afrika Magharibi mwaka 1725 aliwakuta watu wakilitafuna kabla ya vyakula vichachu. Tunda lina urefu wa sentimita 2 hivi na lenyewe si tamu sana. Kazi hufanywa na protini iitwayo mirakulini, iliyotenganishwa mwaka 1968. Hushika vipokezi vya utamu kwenye ulimi na kutulia, tindikali ikifika huviamsha. Ndiyo maana shubiri hubaki chungu vilevile.

Viringisha nyama ya tunda moja ulimini kwa dakika 1 au 2, tema kokwa, ndipo unywe ukwaju au umumunye ubuyu. Hali hiyo hudumu nusu saa hadi saa 2 hivi. Kulisaga ndani ya jagi la juisi ni kulipoteza, kwa sababu linafanya kazi kwenye ulimi, halibadili juisi. Usilipike wala kulitengenezea jamu, moto huivunja protini. Likichumwa huharibika ndani ya siku 2 au 3, hivyo ligandishe mapema.

Mwenye vidonda vya tumbo aelewe kwamba ulimi umedanganywa, tumbo halijadanganywa. Ndimu 4 zilizoteleza kama machungwa zina tindikali yote, na meno nayo yanaipokea. Mwenye kisukari anaweza kunywa ukwaju bila kutia sukari, faida hiyo ni ya kweli, lakini sukari iliyomo kwenye tunda lolote atakalokula baadaye haipungui, na dawa zake asiziache.

Mwotesha miche,
Muheza, Tanga