Kinanda cha kwaya kisipimwe kwa bei

Ndugu Mhariri,

Minada ya korosho imeanza, na huku Newala kila kikundi chenye mfuko wake kinaulizia bei ya kitu. Wengine mabati, wengine sare, kwaya zinaulizia vinanda. Kwa hiyo barua ya msomaji mwenzangu kwenye ukurasa huu, aliyeshauri kwaya za mikoani zijibane na kununua kinanda cha juu kabisa mara moja, imesomwa huku kuliko anavyodhani. Mhazini wetu ameikata na kuihifadhi ndani ya daftari la michango. Naomba nafasi niijibu kabla hizo fedha hazijapanda basi la Dar es Salaam.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Jumapili napigia kwaya, na Jumamosi za msimu napiga harusini. Vinanda ninavyovisema ni hivi vinavyobeba bendi nzima tumboni: mkono wa kushoto unashika kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), chenyewe kinaleta ngoma, besi na magitaa, mkono wa kulia unapiga wimbo. Kwa kwaya isiyo na mpiga besi wala mpiga ngoma, hicho ndicho bendi yenyewe.

Nakubaliana na mwenzangu kwa jambo moja: vile vya bei ya chini kabisa vinaumiza. Chukua Yamaha PSR-F52. Funguo zake hazijui kama umegusa au umegonga, sauti inatoka ileile. Kwaya ikishuka kuimba kwa unyenyekevu, kinanda kinaendelea kupiga kelele kama mpiga debe wa stendi. PSR-E373 imelitibu hilo, na ina uzito wa kilo 4.6 tu, unaiweka mgongoni na kupanda bodaboda. Lakini haina gurudumu la kupindisha sauti, na mpiga sebene asiye na gurudumu hilo amefungwa mkono. Tena uwezo wake ni sauti 48 kwa pamoja. Mtu wa nje ataona ni nyingi, kwani vidole ni kumi. Asisahau kwamba ngoma, besi na magitaa yote yanakula humohumo, na ukikanyaga pedali noti zilizopita nazo zinaendelea kushikilia nafasi. Zikijaa, kinanda kinazima baadhi ya noti zilizotangulia. Waumini hawajui kilichotokea, wanahisi tu wimbo umepungua kitu.

PSR-E473 inafikia sauti 64, ina gurudumu, ina matundu mawili ya kupeleka sauti kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) na tundu la maikrofoni. Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba inakubali betri sita ndogo, zile za AA. Anayepigia mazishi na mikutano ya injili vijijini anajua thamani yake. (Gesi ya Mnazi Bay inatoka mkoani kwetu, lakini umeme nao una siku zake.)

Sasa nifike kwenye hoja yangu, ambayo mwenzangu aliiruka kabisa.

Washa kinanda chochote kati ya hivi, cha bei yoyote, upitie midundo, yaani zile bendi za tumboni, iliyowekwa na kiwanda. Mara nyingi utakutana na polka, walzi, swingi, na nyimbo za kunywea bia za Wajerumani. Ni haki yao, kwa sababu vinanda hivi vina soko kubwa Ulaya, kwa wapigaji wanaofanya kazi peke yao kwenye kumbi na hoteli. Genos2, iliyotoka mwaka 2023 na ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa Yamaha, ina midundo 800. Mimi nikitoa mahubiri ya uchumi nitauliza hivi: kati ya hiyo 800, kwaya ya Newala itatumia mingapi? Sebene yetu haimo kama tunavyoipiga. Sindimba haimo kabisa. Kwa hiyo fedha nyingi inayolipwa pale inalipia midundo ambayo haitaguswa mpaka kinanda kichakae.

Tunachohitaji sisi ni kinanda kinachoturuhusu kutunga mdundo wetu wenyewe. Kwenye Yamaha sehemu hiyo inaitwa Style Creator. Unarekodi chombo kimoja kimoja: nafasi mbili za ngoma, moja ya besi, mbili za kodi, moja ya kutandika sauti nyuma, mbili za vionjo, ambavyo kwetu ndiyo magitaa. Nane jumla. Unarekodi kwa kodi ya C meja saba, halafu kinanda chenyewe kinageuza kila chombo kufuata kodi utakayoshika kanisani. Vijana wengi wanakwama hapa, wanarekodi gitaa lililojaa noti ya F, kisha wakihama kodi linasikika kama limelewa. Kaa kwenye C, E, G na B, ambazo ndizo noti za kodi hiyo, ongeza D na A kwa uangalifu, mambo yatakwenda. Ni kazi ya usiku mwingi na kahawa, lakini ukimaliza una sebene yenye besi inayotembea kama ya wanamuziki wetu, na hakuna kwaya nyingine wilayani inayopiga hivyo.

E473 niliyoisifu haina sehemu hiyo. Inapokea mdundo uliotungwa kwingine na kuletwa kwa flashi, nafasi kumi, basi. Ukitaka kutunga kwenye chombo chenyewe unapanda hadi PSR-SX600, yenye sauti 128, au unatafuta iliyotumika ya familia ya zamani, kama S670 ya mwaka 2015, ambayo nayo inatunga. Kwa Casio, CT-X3000 na CT-X5000 zinakuruhusu kuhariri na kutunga mdundo kwa bei ambayo wengi hawaitegemei, ingawa jina la Casio bado linachekwa kwenye kwaya zetu bila sababu ya msingi. Kwa Korg, familia ya Pa inatunga.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Chini yake unategemea flashi za wenzako. Juu yake una kila kitu unachokihitaji kwa kazi hii. SX900 ina skrini ya kugusa na funguo zinazosikia hata ukikandamiza baada ya kupiga, vitu vizuri, sivikatai. Genos2 ina funguo 76 na sauti za kukuliza. Lakini Genos2 haina spika zake. Ukifika kijijini bila amplifaya, umebeba ubao. Na bei yake inapita bodaboda mpya tatu. Kamati itamwamini nani kuilaza nyumbani kwake?

Nawaona kwaya wananunua kinanda kikubwa halafu wanakichomeka kwenye spika iliyopasuka koni. Fedha ya tofauti kati ya SX600 na hivyo vya juu inatosha spika mbili za maana, stendi, begi lenye sponji na stabilaiza. Hiyo ya mwisho msiione mapambo. Adapta ya kinanda ikipata umeme unaopanda na kushuka, inakufa kwanza yenyewe, na siku mbaya inaondoka na bodi. Kisha vumbi letu jekundu: chini ya kila ufunguo kuna kipande cha mpira chenye kaboni, vumbi likiingia ufunguo unaanza kuruka noti. Wenzetu wa Mikindani na Lindi wana hewa ya chumvi, nayo ina mambo yake. Kinanda cha milioni nyingi kinavuta vumbi sawa na cha laki kadhaa, tofauti ni kwamba vipuri vya kile kikubwa havipatikani kwa fundi redio.

Wapiga taarabu wa Mtwara mjini wana hesabu nyingine na sitaki kuwaingilia sana. Anayepiga maqam (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu) zenye robo sauti, kama rasti na bayati, anahitaji chombo kinachoshusha noti kwa kitufe katikati ya wimbo. Kwa huyo kuna Yamaha PSR-A5000 na Korg Pa zenye jina la Oriental, na hapo kupanda bei nitamwelewa.

Kwa kamati zinazosafiri mwezi huu: nendeni na mpigaji wenu, asiende mwenyekiti na mhazini peke yao. Dukani msimruhusu muuzaji awapigie wimbo wa maonyesho uliorekodiwa kiwandani. Chomekeni flashi yenye mdundo wenu, mshike kodi nne mnazozijua, kisha mwambieni awaonyeshe mahali pa kutunga mdundo. Akianza kuzungukazunguka kwenye skrini, hamieni duka la pili. Kama ni kilichotumika, pigeni kila ufunguo kwa ulaini, mmoja mmoja, weupe na weusi, na mtikise tundu la adapta kikiwa kimewaka.

Mimi nina sebene mbili na sindimba moja nilizozitunga kwenye Yamaha. Mpiga kinanda yeyote wa Newala, Tandahimba au Masasi anayezitaka aje na flashi yake, simtozi kitu. Wa Korg anisamehe, mafaili hayasomeki kwake. Tutakaa tuitunge upya kwenye chombo chake, ila aje baada ya shule kufungwa.

Mwalimu na mpiga kinanda,
Newala, Mtwara