Risala ya Klabu ya Skauti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa bodi ya shule, wazazi na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kukubali kuja pamoja na majukumu yako mengi. Historia tutaipitia haraka.

Bendera ya Tanganyika, kijani na nyeusi yenye michirizi ya dhahabu, ilipandishwa Desemba 9, 1961. Zanzibar, baada ya Mapinduzi, ikapeperusha bluu, nyeusi na kijani. Muungano wa Aprili 26, 1964 ukaziweka rangi zote kwenye kitambaa kimoja: kijani ardhi na mimea, nyeusi watu, manjano madini, bluu bahari, maziwa na mito.

Mafanikio yetu ni makubwa mno. Tumeshika nafasi ya tatu ya gwaride kati ya shule nne. Aidha, hakuna mwanachama anayekosea kufunga bendera: upande wa mlingoti kijani hukaa juu, na mstari mweusi huanzia chini ukipanda kuelekea nje. Ukiuona unashuka, bluu ikiwa juu, bendera imepinduliwa. (Ile iliyo nyuma ya kiti chako, utuwie radhi, ilifungwa na kamati ya mapambo.)

Ndugu Mgeni Rasmi, changamoto ni moja: mlingoti. Uliopo ni mkaratusi uliochimbiwa bila zege, na mchwa wameula pale usawa wa ardhi. Kapi ya plastiki imepasuka, kamba inakwama katikati, bendera inabaki nusu mlingoti na wapita njia wanauliza nani amefariki.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi mlingoti. Wa mwaka jana, kwa moyo huohuo wa ukarimu, aliahidi kuufuatilia ule wa mwaka juzi. Makofi tulipiga mara zote mbili.

Ili kukurahisishia, mahitaji ni haya: bomba la chuma la inchi 3, mita 6; la inchi 2, mita 3, lichomekwe ndani ya lile nusu mita na kuchomelewa. Kilele kizibwe, maana mvua ikiingia kutu huanzia ndani. Mita 1 iingie ardhini, kwa saruji mifuko 3, mchanga na kokoto. Kapi ya chuma 1, kamba ya nailoni mita 18, na bendera ya mita 1.2 kwa 1.8, yenye pindo la nje lililoshonwa mara mbili, kwani upepo huanzia hapo kuchana. Shimo tumeshachimba. Tangu mwaka juzi.

Fundi wa kuchomelea yupo hapa, amekaa mstari wa pili.

Tunaomba kuwasilisha.